Nilikung'uta Diski Kabla Nakala Hazijakamilika

Kosa ni langu, msitafute mchawi.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini hakuna nisichokijua! Nilichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kule Genkuru, nikachoka, nikaenda kufagia studio ya video Kewanja. Baada ya miezi michache nikajiita fundi.

Studio ilikuwa na kompyuta tatu zinazotunza video kwa pamoja. Kila video ilikuwa na nakala mbili kwenye kompyuta mbili tofauti, moja ikifa nyingine ibaki. Mpango mzuri sana. Ulikuwa haujakutana na mimi.

Bosi wangu, Bwana Hamisi, akaleta diski mpya zenye kasi.

"Badilisha diski ya kompyuta moja," akasema. "Subiri nakala zijijenge zote, kioo cha kompyuta kitakuambia. Ndipo uguse ya pili. Umesikia, profesa?"

"Nimesikia, bosi!"

Nikabadilisha ya kwanza. Kioo kikasema subiri. Nikanywa uji, bado kinasema subiri. Nani ana muda huo? Nikang'oa na ya pili, kisha diski zote mbili za zamani nikazifuta zikawa tupu. Kwenye duara, ukihamisha mawe, kiroba cha zamani unakikung'uta mbele ya mwenye duara, asiseme umeficha dhahabu. Jamani, nilikuwa mwaminifu!

Video za harusi zilipona, zilikuwa na nakala kwenye kompyuta ya tatu. Iliyopotea, nakala zake zote mbili zikiwa kwenye diski nilizofuta, ni ya mama Bhoke, mjane: marehemu mumewe akitembea shambani, akionyesha mipaka na kusema, "Hili ni la mke wangu." Dhahabu ilikuwa imeonekana pale, shemeji zake wakalitaka. Video ndiyo ilikuwa shahidi wake kwenye baraza la ardhi.

"Shikamoo mama. Kompyuta imeharibika."

"Marahaba. Imeharibika yenyewe? Haikushikwa na mtu?"

"Yenyewe, mama."

Akanitazama. "Basi ina akili kama za shemeji zangu."

Ningeweza kwenda barazani niseme video niliiona, na nimeifuta mimi. Sikwenda. Fundi mzima niaibike mbele ya watu?

Shamba likaondoka. Shemeji zake wakanitafuta wanishukuru, wakaninunulia soda. Nikainywa!

Ninyi mnaohamisha kumbukumbu za watu, kioo kikisema subiri, subirini. Cha zamani msikifute mpaka mmefungua kipya na kuona kwa macho yenu. Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, mwenye mali akiwa bado ana pa kukimbilia. Mimi nasema leo, mama Bhoke akilima kibarua kwa watu.