Sendofu Niliyoisimamia Kitaalamu

Jamani, bora mnisikie mimi kabla hamjasimuliwa na watu wa Ihumwa.

Nilirudi kutoka kozi fupi ya usimamizi wa miradi kichwa kimevimba. Mdogo wangu Neema alikuwa anakaribia kuolewa, basi nikajipachika uenyekiti wa kamati ya sendofu yake. Kila mjumbe nikamkabidhi kazi yake na saa ya kuimaliza. Waliochelewa niliwafokea, hata mjomba.

Siku yenyewe ikafika: maturubai, chakula, muziki, vyote tayari mapema. Nikashika maikrofoni nijisifu kidogo. Nikaanzia kwa waliojenga mapiramidi kule Misri, nikashuka taratibu hadi kanuni kuu: "Kila kazi lazima iwe na mtu wake!" Wageni wakapiga makofi.

Simu ya mama ikaita. Alisikiliza, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, kisha akaongeza sauti na kuisogeza kwenye maikrofoni yangu. Neema akasikika uwanja mzima:

"Mama, najua kaka anahutubia, mwache amalize. Ila mwambie bado niko saluni, nimeshapambwa. Kazi ya kuja kunichukua alijipa yeye."