Tembo Saba Waliomkataa Hattie

Mimi nimewahi kutumwa kumnusa tembo matakoni.

Cheka tu, nimeshazoea. Lakini siku hiyo maisha ya mtu yalikuwa hatarini, na kwangu mimi tembo ni mtu.

Enzi hizo nilikuwa mshona nguo wa sarakasi, tukizunguka jimbo la Georgia, Marekani, kwa treni. Tulikuwa na tembo saba. Wa mbele alikuwa Bertha, jike mkubwa, mzuri, mwenye madaha. Sura yake ndiyo iliyokuwa kwenye mabango yote.

Kisha akaja Hattie, tembo jike wa nane.

Mzee. Sikio limechanika, ngozi imelegea kama suruali ya kuazima. Sarakasi yake ya zamani ilikuwa imefilisika.

Siku ya kwanza tu alinipokonya mkate mkononi, akautafuna huku ananitazama machoni bila aibu. Nikampenda hapohapo.

Balaa likaanza kwenye gwaride.

Tembo hutembea mstari mmoja, kila mmoja kashika kwa mkonga mkia wa aliye mbele yake. Mbele ni pa Bertha, hapaguswi. Tukamweka Hattie katikati. Aliye nyuma yake akagoma kumshika mkia, akajitoa pembeni. Bertha naye akageuka, akaja moja kwa moja kwa Hattie, mstari wote ukasambaratika barabarani.

Tukamweka mwisho. Bertha akamfuata hukohuko, ikabidi Otis, mlezi wa tembo, amrudishe.

"Hawamtaki," akasema bosi wetu, Halvorsen. "Lazima ananuka huyo. Verna, hebu kamnuse."

Nikanusa.

"Ananuka tembo, bosi."

"Tembo wa namna gani?"

"Wa kawaida."

Tukamwogesha kwa sabuni. Otis akampaka molasi mkiani ili awavutie wenzake. Waliovutika ni nzi.

Bosi akachoka. Akamuuza kwa Tuttle, mwenye kituo cha mafuta njia ya Macon, aliyetaka kumfunga mnyororo kando ya barabara ili wenye magari wasimame kumshangaa. Peke yake, mpaka afe.

Nililia, sifichi. Otis alisingizia mafua.

"Bosi, mwache hata awe anavuta magari ya mizigo," nikamsihi.

"Verna, hii ni sarakasi, siyo nyumba ya wazee."

Asubuhi lori likaja. Tembo wengine walikuwa wamefunguliwa, wanakunywa maji. Otis akamwongoza Hattie taratibu kuelekea lori.

Bertha akainua kichwa. Akaacha maji, akamkimbilia Hattie.

Nikafumba macho. Nikajua leo anammaliza.

Nilipofumbua, Bertha alikuwa amesimama nyuma ya Hattie, kamshika mkia. Nyuma yake wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Mstari umenyooka kuliko gwaride lolote nililowahi kuliona.

Hattie akakanyaga ubao wa lori. Wote saba wakasogea hatua moja.

Tuttle akavua kofia. "Halvorsen, mimi nilinunua mmoja."

Otis alicheka mpaka akakaa chini.

"Tumekuwa wajinga, bosi. Bertha alikuwa anataka kumfuata, na wenzake walikuwa wanampisha ashike ule mkia. Hattie kwao ndiye mkubwa. Tumempanga bibi nyuma ya wajukuu, halafu tunashangaa!"

"Kiongozi ni Bertha," bosi akasema, uso umemwiva.

"Nani kasema?"

"Mabango."

"Tembo hawasomi, bosi."

Tuttle alirudi na lori tupu. Hattie akaongoza gwaride letu mpaka uzee ulipomlaza, na hakuna siku mstari ulipovunjika tena.

Ndugu yangu unayesoma, kama una mtu anakuharibia kazi kila unapomweka, usikimbilie kumwita mkosi. Jiulize kwanza kama umewahi kumjaribu mbele.