Vipimo vya Mzee Mro

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa aibu kila ninapokuona ukimnyamazisha mtoto wako kwenye teksi asisikike akisema Kiswahili. Hofu hiyo naijua. Nami nilikuwa nayo.

Nilikuwa mama kijana kutoka Uvira, Kongo, nashona nguo mtaa wa Fordsburg. Neema, niliyemzaa hapa hapa Joburg, alikuwa na miaka minane, na Kiswahili nilikuwa nimempiga marufuku, watu wasije wakamjua ni mgeni wakamfanyia ubaya. Nilijiona mjanja kweli!

Cherehani ya jirani ilikuwa ya Mzee Mro, fundi kutoka milima ya Bangladeshi. Wateja walimwita Mbengali, naye alikataa kwa upole: yeye ni Mmru, wa kabila ambalo wengine huliita Mro. Aliniambia Kimru ni cha ukoo mkubwa wa lugha, pamoja na Kitibeti na Kiburma, lakini tawi lake ni dogo, lina lugha mbili tatu tu. Joburg nzima alikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye, binti yake. Nilipenda mno kuwatazama. Mzee alizungusha tepu kifuani mwa mteja, akataja kipimo kwa Kimru, binti akaandika, kisha huyo binti akamgeukia mteja na kumchekesha kwa Kizulu. Wateja wengine waliomba wapimwe tena ili wasikie tu.

Basi siku hiyo mama yangu alipiga simu kutoka Uvira, mgonjwa, akataka kumsikia mjukuu wake. Neema akamjibu kwa Kiingereza. Mama akaniuliza, "Huyu mutoto anasema nini? Ananikatala?"

Nililia pale pale, juu ya kitambaa cha watu. Mzee Mro akasimamisha cherehani yake, akauliza kulikoni, nikamweleza.

"Mama Neema," akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "mimi nina mtu mmoja tu, namtunza. Wewe una mji mzima wa kuongea nao, halafu unamnyima mtoto bibi yake?"

Kesho yake nilimpa Neema daftari, nikaanza kumtajia vipimo kwa Kiswahili. Alinuna, akakosea, suruali moja ikatoka fupi mpaka mteja mwenyewe akasema "eish!" Lakini baada ya miezi michache alimpigia bibi yake simu, akamsomea vipimo vya gauni nililokuwa nikimshonea bibi huyo kwa kukisia. Mama akacheka. "Ongeza kiuno," akasema, "sijakonda hivyo." Walizungumza karibu kila wiki, hadi tulipomzika akiwa amevaa gauni hilo.

Kwa hiyo mwanangu, Kizulu na Kiingereza mwache mtoto avijue, vitamfaa. Kiswahili mpe kwenye kazi zenu za kila siku, mkimenya viazi, mkifua, na usingoje simu ya ugonjwa kama mimi. Mungu awalinde njiani kwenye teksi hizo, na awape wazazi wako huko nyumbani umri wa kumsikia mjukuu wao akiwasalimia, nao wamwitikie.