Pedali ya Fundi Cherehani

Mtaani wanamwita Fundi Cherehani, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi. Ana miaka arobaini na tisa, anashona na kutengeneza cherehani mbovu. Karakana yake ni chumba cha mbele chenye madirisha mawili, na kila kitu humo kina mahali pake: bobini za uzi kwenye mkebe wa majani ya chai, skrubu kwenye chupa za dawa ya kikohozi, mikanda imetundikwa kwa urefu wake. Ukihamisha bisibisi, atajua kabla hujakaa.

Jumapili mchana hupiga gitaa katika bendi ya watu wa nyumbani. Besi anapiga shemeji yake, mdogo wa mume, ambaye ndiye mkubwa wa bendi. Mwimbaji ni wifi yake, dada wa mume. Mpiga ngoma wao alipohama, shemeji alileta mashine ya ngoma. Haikosei, haichoki, na haimsubiri mtu. Shida ni kwamba wifi akilishika neno, hulivuta na kuliachia anapotaka mwenyewe. Kila wimbo mashine ikawa inamwacha njiani.

"Mimi siimbi na saa ya ukutani," alisema wifi, akivaa viatu.

"Basi tuvunje bendi," alijibu shemeji. "Au tujaribu mara moja tu, Jumapili ijayo. Ikishindikana, mimi nimemaliza."

Miaka kumi na moja ya Jumapili. Fundi alikunja waya wa gitaa lake. Alirudi karakanani, akaichukua pedali ya cherehani ya umeme iliyokosa mwenyewe, akaifungua.

Wiki nzima, kila alipomaliza kazi za wateja, alilehemu. Ndani ya pedali aliweka kompyuta isiyozidi kiberiti kwa ukubwa. Sauti ya gitaa iliingia upande mmoja, ikageuzwa namba, ikatoka upande wa pili na mwangwi mtamu. Kisha akachomeka waya wa midi, ule ambao vyombo vya muziki hupeana amri, mpaka kwenye mashine ya ngoma. Sasa mwendo wa ngoma ungefuata mguu wake.

Jumapili walianza vizuri. Mwangwi ulimfanya wifi ainue nyusi. Walipofika kwenye kiitikio, ngoma zikatimua mbio. Wifi alifukuzana nazo maneno manne, la tano likamkwama.

"Wifi! Tunaimba au tunakimbiza mwizi?" alimuuliza Fundi.

Shemeji alikwisha kuivua besi.

Fundi aliutazama mguu wake. Ulikuwa umeididimiza pedali mpaka chini.

"Ni mazoea," alisema. "Nikifika kwenye mshono ulionyooka, nakanyaga."

"Shemeji, huu ni wimbo, si shuka," alisema mpiga besi.

"Nipe dakika kumi."

"Tano."

"Kumi, na waya usiuguse."

Alichomeka pedali kwenye kompyuta mpakato, akatafuta mstari mmoja katika maagizo aliyoiandikia pedali. Hakutaka kuufundisha mguu kazi mpya uzeeni. Aliweka kwamba pedali ikikanyagwa hadi mwisho, ngoma ziende kwa mwendo wa wimbo, zisizidi hapo. Akilegeza, zipungue. Akiinua mguu, zisimame, kama mtu anavyosimamisha sindano ili ageuze kitambaa kwenye kona.

Shemeji akaivaa tena besi, wakaanza upya. Kiitikio kilikwenda sawasawa, mguu uko chini. Wifi akafika kwenye neno lake, akalishika. Fundi aliiona kona hiyo, akalegeza, akainua. Ngoma zikanyamaza. Wifi alimtazama kwa jicho la pembeni, na kwa uchokozi mtupu akazidi kulivuta. Shemeji akaanza kucheka huku kidole kikingoja juu ya uzi wa besi. Neno likaachiwa, mguu ukashuka, wote wakatua pamoja.

"Makubwa!" alisema wifi. "Imenisubiri!"

"Rudia hapo," alisema shemeji.

Walirudia mara nne. Mara ya mwisho wifi alilivuta neno hadi shemeji akaketi kwenye mkono wa kochi, mashavu yamelowa kwa kicheko.

"Jumapili saa nane," alisema alipopata pumzi. "Na asichelewe mtu."