Siku Rukia Alipotunzwa kwa Hotuba ya Ukomunisti

Masika ya mwaka ule nyumba yetu ya Kiembeni ilikuwa na sauti ya mwanamume akifoka kwa Kirusi. Alianza asubuhi, baba akishatoka kwenda kazini, akapanda na kushuka ndani ya kompyuta kuukuu iliyonguruma kumshinda yeye, huku mvua ikipiga mabati na harufu ya mbaazi za nazi ikitoka jikoni. Jirani yetu, Bi Zuhura, alimwuliza mama kwa adabu zote kama tumepata mgonjwa wa pepo wa kusomewa dua. Mama akacheka, akamwambia la, ni masomo. Aliyekuwa akifoka ni kiongozi wa mapinduzi aliyekufa zamani, na mama alikuwa akichagua hotuba za kutufundishia ukomunisti.

Mama alikuwa mwalimu wa historia kabla hajaamua kunisomesha mwenyewe nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kwa muda mrefu darasa lilikuwa la watu wawili, mimi na yeye, meza moja, birika moja la chai. Nikipata jibu alinisukumia kaimati iliyobaki sahanini. Sikujua kuwa hiyo ilikuwa tunu mpaka alipokuja Rukia, binti wa mjomba wangu wa Bofu, kule Likoni. Shule ilikuwa imemshinda, au yeye ameishinda shule, sikuelezwa vizuri. Mjomba alimwomba tu dadake amfundishe pamoja nami. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilianza kuugua siku ile ile, alipovua viatu mlangoni, akambusu mama mkono, akamwita shangazi kwa sauti ya asali, na mama akamketisha mahali pangu.

Kuchagua hotuba hakukuwa mchezo kwa mama. Vitabu vya muhtasari hakuvitaka. Alisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, basi ni heri kijana ayaonje maneno yenyewe akiwa bado nyumbani kwao, na mtu mzima kando yake. Lakini kila hotuba ya kuusifu ukomunisti ilibidi iandamane na ya kuupinga, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Akimweka Mrusi, anamtafutia Mmarekani. Akimweka yule mwenye ndevu wa kisiwa cha miwa, anamtafuta mtu aliyekikimbia kisiwa hicho. Hotuba za jirani zetu wa kusini kuhusu ujamaa aliziweka fungu la peke yake, akisema huo si ukomunisti hasa, ni binamu yake, na binamu hufanana bila ya kuwa mmoja. Alipolisema hilo alitutazama sote wawili, akatabasamu. Mimi sikuona cha kutabasamia.

Palikuwa na familia nyingine mtaani zilizosomesha watoto wao nyumbani, na mama alikuwa amekubali kuwafundisha vijana wao wote somo hilo siku za Jumamosi. Alitaka mmoja wetu alifungue darasa kwa kuhutubu, kisha awe msaidizi wake msimu mzima. Mmoja tu. Nilikitaka cheo hicho kama mwenye kiu atakavyo maji. Kila mmoja wetu achague hotuba, aifupishe, aitie katika Kiswahili, kisha tuhutubu mbele ya wanawake wa jamaa na majirani, na mama aamue.

Nilimchagua Mrusi. Nilikesha na kamusi, nikatafuta kila neno mahali pake, mabepari, tabaka la wafanyakazi, umiliki wa pamoja. Rukia alimchagua mwenye ndevu, na wala hakutoa jasho. Alijisemea hotuba yake akiosha vyombo, akibandika maneno ya akina mama wa Bofu pale palipokuwa pagumu, na mama akawa anasimama mlangoni pa jikoni kumsikiliza, kisahani cha chai kikimpoa mkononi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikaiambia nafsi yangu. Nilimchukia kwa vile alivyocheka, kwa vile alivyokunja leso, kwa vile alivyoitika "abee shangazi" kabla hata sijasikia kuwa tumeitwa.

Siku ilipofika nilitangulia mimi. Nilisimama wima, nikahutubu bila ya kukosea hata neno. Wale kina mama walijifunika leso zao vizuri, wakainamisha vichwa, wakatulia kama wanaosikiliza mawaidha. Nilipomaliza, Bi Zuhura akasema "Amin," na wote wakaitikia amin, amin. Amin kwa hotuba ya mtu asiyemwamini Mungu! Mama aliuma mdomo, akatazama dirishani.

Kisha akasimama Rukia. Alianza polepole, habari za wakata miwa wasiomiliki hata bua, na vile mwenye shamba anavyokula asichokilima. Lo, sauti ile! Bi Zuhura akanyanyua kichwa. Alipofika pale pa kwamba mali yote iwe ya wote, Bi Zuhura hakuweza kujizuia. Pwani, mwimbaji akikukuna moyo harusini, humpigii makofi ukaketi. Unamwendea ukicheza, noti mkononi, unamtunza. Basi akainuka akicheza, akampachika Rukia noti kwenye leso ya kichwani. Wengine wakamfuata kwa vigelegele. Yule mwenye ndevu alitunzwa sebuleni kwetu kama bibi harusi.

Moyo wangu ulichangamka. Nikajua amejimaliza, maana mama hakuwa mtu wa kuliachia jambo kama hilo. Na kweli, vigelegele vilipotulia, mama akamwuliza, "Na hizo sasa ni za nani, Rukia?"

Rukia alizishika zile noti, akafikiri, akazitia kifuani. "Hizi zangu, shangazi. Nimetunzwa mimi."

Mama alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Akasema somo la ukomunisti linaanzia hapo hapo, na hakuna kitabu kinachojua kulianza hivyo. Rukia akapewa cheo. Mimi mama hakuwahi kunichekea vile, si kabla, si baada.

Siku hizi vijana wa mtaa nawafundisha mimi. Magoti yamemchosha mama. Anaketi pembeni akisikiliza. Hotuba nazichagua kwa kanuni yake, moja ya kusifu na moja ya kupinga, nazo sasa zinapatikana kwa simu kabla chai haijapoa. Rukia yuko Chaani, ana duka la madera, na hotuba ile ameisahau kabisa. Lakini kila mwaka somo nalifungua kwa kisa chake, kwa kuwa bora kuliko hicho sijakipata. Mwaka huu msichana mmoja aliniuliza, "Na wewe, mwalimu, siku hiyo ulikuwa wapi?"

Mama akawahi kujibu kabla yangu, tena kwa furaha. "Huyu? Huyu alikuwa jikoni, anatupikia chai."

Nikamwambia, "Nilihutubu wa kwanza, mama."

Alinitazama, akajaribu kwa wema wake wote kunitafuta katika sebule ile, na nikaona kuwa hanioni. Zamani nilimwonea Rukia kijicho kwa kuwa mama alimchagua. Leo namwonea kijicho kwa kuwa mama anamkumbuka.