Mbegu ya Pinki Kwenye Sufuria ya Mama

Nusura nimuue mama yangu kwa kumpangia jikoni. Na sitii chumvi.

Kwangu Manyatta, hapa karibu na mji wa Embu, watu wananijua kwa kupanga. Viatu vinabaki mlangoni, sahani haikai kwenye sinki, na kila Jumamosi nashusha vitu vyote kabatini nivipange upya. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo atavumilia vipi jikoni kwa mama yake kule Kangeta?

Jikoni kwa mama ni kibanda cha mbao kando ya nyumba kubwa, cheusi tititi kwa moshi. Debe la mahindi liko kushoto, la maharagwe limefuata, mkebe wa chumvi uko pembeni mwa rafu, mwiko uko kwenye msumari wake. Mbegu ya kupanda inaning'inia nyuma ya mlango, ndani ya mfuko uliofungwa mafundo matatu. Ukisogeza kigoda hata shibiri moja utamsikia: "Kila kitu kina kwao! Kirudishe!" Miaka ya karibuni alizidi ukali, nikasema ni uzee. Akafunga na kamba ya katani kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, eti ya kuanikia nguo. Sijawahi kuona hata leso juu ya kamba ile. Huyu mama naye!

Likizo ya Agosti nikampelekea mikebe kumi na miwili ya plastiki, ile inayoonyesha kilicho ndani. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi watu wanavyopanga, nikajiona fundi. Alhamisi jirani alimpitia wakaenda mkutano wa akina mama kanisani, wameshikana mikono kama wanavyotembea siku zote. Hawajafika barabarani, mimi nishaingia kazini. Madebe yake yenye kutu niliyatupa nyuma ya boma. Mahindi ya kula nikayatia mkebe mmoja, mbegu mkebe mwingine, nikaviweka rafu moja. Karatasi za kuandikia majina nilizisahau kwangu, nikaona si neno. Mbegu ya dukani imepakwa dawa ya wadudu, na imetiwa rangi ya pinki makusudi, ili hata mjinga asiile. Nani atakosea pinki?

Aliporudi nikamwambia, "Mama, nimekupangia jikoni."

Alisimama mlangoni. "Umesogeza nini, mama?" Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Vitu vichache tu. Utaona."

"Asante," akasema. Hakuuliza tena. Mama ana heshima zake, hawezi kukuvunja moyo ukiwa umemtumikia. Nami nikaenda zangu shambani kukata sukuma wiki, nikiwa nimejaa sifa.

Nilikawia huko, nikizungumza na huyu na yule. Kurudi nikakuta moto umeshika, githeri ya mahindi na maharagwe inachemka, na mama ameinama juu ya sufuria, amechota supu kwa mwiko, anaipuliza aonje. Vidole vyake vilikuwa vya pinki mpaka viganjani. Ngai wangu! Nikatazama sufuria. Povu la pinki lilikuwa linapanda.

Nilimpiga mkono. Mwiko ukaruka mpaka ukutani. Nimempiga mama yangu, kitu ambacho kwetu hakitamkwi, na bado nilikuwa nampigia kelele: "Mama! Hiyo ni mbegu! Ni sumu! Huoni imekuwa pinki?"

Alibaki mkono wake umeelea pale pale. Halafu akaniuliza polepole, "Ni ya pinki?"

Nilikaa chini kwenye majivu.

"Tangu lini?" nikamuuliza, baada ya kumshika mikono na kuisugua kwa sabuni.

"Huu ni mwaka wa nne. Jicho hili lilitangulia, hili likafuata. Mchana naona mwanga wa mlango, basi."

Miaka minne! Krismasi zote hizo nilikula chakula chake, akinimiminia chai mpaka ukingoni bila kumwaga tone, na mimi nikimsema nyuma kwa kamba yake isiyoanikwa kitu. Niliona aibu mpaka nikakasirika. "Na kwa nini hukuniambia, mimi mtoto wako?"

"Ungenichukua ukanipeleka kwako," alisema. "Kwako sijui chumvi inakaa wapi. Hapa naona."

Githeri tuliichimbia shimo, kuku wasije wakadonoa. Kisha nikaenda nyuma ya boma kuyaokota yale madebe, nikayaosha, nikapiga magoti jikoni huku yeye akiniongoza kwa mkono wake juu ya wangu. "Kushoto. Tena kidogo. Hapo." Mbegu nikairudisha nyuma ya mlango. Mafundo matatu aliyafunga mwenyewe.

Wiki iliyofuata daktari wa macho mjini Meru alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Tukiwa njiani kurudi nilikuwa na maneno mdomoni ya kumwambia afungashe twende Embu. Niliyameza. Nimemwacha Kangeta, jirani anamwangalia, na mikebe yangu nilirudi nayo yote.

Bado naenda kila likizo. Naosha vyombo, nakirudisha kila kimoja kwao, nakagua mara mbili. Nikishatoka nje namsikia akiingia nyuma yangu, akigusa kimoja kimoja: debe, debe, chumvi, mwiko. Kwenye mfuko wa mbegu anahesabu mafundo, halafu anahesabu tena.

"Mama, nimevirudisha vizuri," namwambia.

"Najua, mama," ananijibu, na anaendelea kugusa.