Pacha wa Jino la Mwalimu Leokadia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, koti jeupe lililonipita magoti, na mashine ya kusikiliza. Si ya kutazama, ya kusikiliza. Mkuu wa Maabara, mzee wa Kipogoro asiyependa maneno mengi, alinionyesha kidude cha chuma kilichokuwa kikigonga jino ndani ya kisahani cha maji, akasema, "Kaa hapa. Mlio ukibadilika, niite." Kisha akaenda zake.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza, nami nimetoka chuoni na cheti cha ufundi sanifu wa meno, nikidhani nitaanza kwa kuchonga meno mazuri ya kunipa sifa Ifakara nzima. Badala yake nilisikiliza tok, tok, tok mpaka saa ya chai, na baada ya chai nikaendelea. Nilirudi chumbani kwangu Mlabani kichwa kikigonga vilevile. Vijana mnaoanza kazi leo mnalalamika kwamba inachosha. Mimi nilichoka siku ya kwanza, na sijui kama nimewahi kupumzika vizuri tangu pale.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi hamjaiona. Fundi sanifu wa meno si mganga. Mganga wa meno humwona mgonjwa, sisi tuliona kinywa chake kikiwa kimenakiliwa kwenye plasta. Jino likivunjika na kubaki kisiki, tulilitengenezea kifuniko cha kauri. Vitabu vinakiita taji; wagonjwa wetu walikiita kofia, nasi tukawafuata. Kauri ni ndugu yake kikombe cha chai: unga mweupe laini, unaulowesha, unaupaka kwa brashi tabaka juu ya tabaka, kisha unauchoma kwenye tanuru dogo la umeme. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, ndani hubaki viputo, na kofia hiyo unaitupa. Kidatu wanakozalisha umeme si mbali na kwetu, lakini ulitufikia kwa kusitasita, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Tulitupa nyingi.

Sasa, kikombe hakivunjiki kwa kuanguka tu. Kuna kikombe umekiosha miaka, umekigongagonga kwenye beseni bila kukijali, halafu asubuhi moja unamimina chai kama kawaida na mkono wake unakubakia kidoleni. Si chai iliyokivunja. Ufa ulikuwamo tangu zamani, mdogo usioonekana, ukirefuka kila kinapoguswa. Hali hiyo ndiyo tuliyoiita uchovu wa kauri, na mashine yetu ilikuwa ya kuupima. Kidole chake cha chuma kiligonga taratibu, kwa nguvu ya mtu anayetafuna wali, ndani ya maji ya uvuguvugu kwa sababu kinywa nacho kina maji, na maji hupenda kupenya kwenye ufa. Kofia nzima ilitoa mlio mkavu. Iliyopasuka ilitoa mlio mzito, wa kukwama.

Mashine ililetwa na Daktari Bingwa, mgeni kutoka ng'ambo aliyekuja na mradi wake. Ni yeye aliyetuwekea utaratibu wa pacha. Kila mgonjwa alitengenezewa kofia mbili, kwa unga uleule, kwa mkono uleule, ndani ya tanuru moja. Moja ilikwenda kinywani, nyingine mashineni, ikigongwa kwa zamu na wenzake. Pacha akipasuka mapema kuliko wenzake, mwenye jino aitwe, kofia yake itolewe na apewe nyingine.

Habari ikaenea bondeni, na watu wakawa hawaulizi tena habari za meno yao, wanauliza za pacha. Mfugaji mmoja wa Kisukuma hakufurahi kabisa. Kwao pacha ni watu wa kuheshimiwa, hawapigwi. Alikubali baada ya Mkuu wa Maabara kumwahidi kwamba pacha wake atasalimiwa kila asubuhi. Nilidhani mzee anamtuliza tu mtu. Kesho yake nikamkuta ameinama juu ya kisahani, anasema, "Umeamkaje?" Akaniona, wala hakuona haya.

Mwalimu Leokadia alitokea Kiberege, akifundisha darasa la kwanza. Alikuwa ameanguka na baiskeli kwenye tope, jino la mbele likakatika. Alipokuja kwetu alizungumza amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga, na hakucheka hata pale Mkuu wa Maabara alipojitahidi, na mzee yule hakujitahidi mara nyingi. Kilichomleta hakikuwa urembo. Pengo lilimfanya atamke s kwa ulimi uliotoka nje, na watoto, ambao humfuata mwalimu kwa kila kitu, wakajifunza hivyohivyo. Darasa zima lilisoma "thithimithi" kwa sauti moja. Wazazi walikwenda kulalamika, na Mwalimu Mkuu akamwambia kwamba muhula ujao atampa darasa la sita. Alituambia hayo akilia. Darasa la kwanza ndilo alilolipenda. Hao wakubwa, alisema, wanafika wameshaharibiwa na wengine.

Kofia yake niliipaka mimi. Ilikaa vizuri, akatamka sisimizi mbele ya kioo, akaitamka tena, akaachia kanga. Mwalimu Mkuu akamwacha na watoto wake. Tangu hapo kila Jumamosi ya soko alipitia maabara, akaingiza kichwa mlangoni na kuuliza, "Pacha wangu hajambo?" Nami nikajibu hajambo, anapigwa lakini hajambo. Tukacheka wote.

Kisha, mkataba wa Daktari Bingwa ukiwa umekwisha na yeye amesharudi kwao, mlio ukabadilika. Nilikuwa nasugua plasta, mkono ukasimama wenyewe. Mkuu wa Maabara akaja, akaitoa kofia majini, pacha wa Mwalimu Leokadia, akaimulika kwa tochi kutoka nyuma. Kauri nzima hupitisha mwanga; penye ufa mwanga hukatika. Ufa ulishuka kutoka juu hadi chini. Ndugu zake wengine mashineni walikuwa hawajafika hata nusu ya mapigo waliyotarajiwa kuyastahimili, na wote walikuwa wazima. Tuliiweka kwenye kikopo, ikaachana vipande viwili.

Tulipeleka habari kwa Mganga wa Meno, aliyekuwa mkuu wetu sote. Unga wa kauri ulikuwa umekwisha na mwingine haukujulikana utakuja lini. Kuitoa kofia ya Mwalimu kulikuwa na maana ya kuikata, na kisiki kingeweza kwenda nayo. Angerudi kwenye kanga yake, na darasa lake lingekwenda kwa mwingine. Mganga alivua miwani, akatusikiliza hadi mwisho. "Jino liko kinywani, halina neno," alisema. "Mkimwambia, mtampa ugonjwa ambao hana." Nikamjibu, kwa adabu, kwamba Mwalimu atauliza, na mimi siwezi kumwambia hajambo. Alinitazama sana. "Basi wewe ndiye utakayemwambia," akasema, "na wewe ndiye utakayekaa naye."

Jumamosi ilipofika, Mwalimu aliingiza kichwa, akauliza kama kawaida. Nikamkaribisha kiti. Kwa hilo tu alijua, maana hatukuwa na desturi ya kumkalisha. Nikamweleza yote, na unga uliokwisha, na hatari ya kukata. Aliomba kumwona pacha. Alivishika vipande vile muda mrefu.

"Alipigwa na kitu kikubwa?"

"Hapana, Mwalimu. Vidogo vidogo tu. Kama unavyokula."

"Na mimi langu litavunjika lini?"

"Sijui. Huenda kesho. Huenda lisivunjike."

Akanirudishia vipande. "Niachie jino langu, mdogo wangu," alisema. "Nina watoto hawajamaliza herufi."

Tukafunga pazia, nikalimulika jino lake. Palikuwa na ufa mfupi, karibu na fizi, mwembamba kama unywele. Nilimwambia ukweli.

Kuanzia hapo ndipo nilipojua Mganga alikuwa na maana gani. Mwalimu aliacha kumenya miwa kwa meno, na sisi watu wa bonde hili tumekua tunamenya miwa kwa meno. Aliacha mahindi ya kuchoma. Mchele alichagua mwenyewe mawe, hata msibani, wenzake wakamwona anaringa. Kila Jumamosi ya soko nilifunga pazia, nikawasha tochi, yeye amefumba macho. Ufa ulikuwa palepale. Alishusha pumzi, nami nikashusha yangu, tukaagana mpaka soko lingine. Unga mpya ulipokuja hatimaye, alikataa kubadilisha. Alisema amelizoea. Nilimkasirikia, nawaambia kweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kusubiri kitu kivunjike kunachosha kuliko kukiona kimevunjika. Zilikuwapo Jumamosi za masika, mto Lumemo umejaa na njia haipitiki, nikamshukuru Mungu kwamba hataweza kuja. Halafu namwona huyo mlangoni, miguu tope tupu.

Mkuu wa Maabara alistaafu, Mganga wa Meno akahamishwa, wakaja wengine wenye vyeo vilevile na sura mpya. Mashine ilikufa kabla ya kofia nyingi. Mota iliungua, spea hazikupatikana, kidole cha chuma kikabaki kimenyanyuka. Nami nilichonga na kupaka mpaka macho yakakataa kutofautisha weupe na weupe, wakaniaga kwa soda na saa ya ukutani.

Mnaniuliza kazi ile ilinifundisha nini. Mashine ilisema kweli juu ya pacha. Juu ya Mwalimu haikujua lolote, na sisi tulikuwa hatuna kingine cha kuuliza. Bado nadhani nilifanya sawa kumwambia, na bado naona Mganga hakukosea. Nimezeeka na mawili hayo, hayajapatana.

Mwaka jana Mwalimu Leokadia alikuja kwangu Mlabani, anashikiliwa na mjukuu. Amekuwa mkongwe. Meno yake aliyopewa na Mungu yameng'oka yote, limebaki moja, lile la kauri. Waganga wa siku hizi wanataka kumtengenezea meno ya sahani, yale ya bandia ya kuvaa na kuvua, na hilo linawazuia. Alikuwa amekuja kuniuliza kama aling'oe.

Nilitafuta tochi. Mjukuu akanishikia. Ufa ulikuwa palepale.

"Ling'oe, Mwalimu," nikamwambia. "Limechoka."

"Halijachoka," alisema. "Ni mimi na wewe."

Akacheka, kinywa wazi, jino moja tu limesimama mbele, na mkono wake haukwenda kwenye kanga.